Historia ya duka la picha imo kwenye kaunta buku

Swali la msomaji wa Dodoma: "Marehemu baba alifungua duka la vinyago na picha hapa mjini. Kaka yetu mkubwa anasema ilikuwa 1979, mama anasema 1983, na leseni ya zamani kuliko zote tuliyoipata ni ya 1983. Baba alipofariki mama aliliendesha miaka mingi, sasa analo mdogo wangu. Tunataka kutoa kijitabu cha historia ya duka na kuweka bango lenye mwaka mlangoni. Mama si msemaji, na karatasi zenyewe zimo kwenye maboksi mawili ya sabuni. Juu ya hayo, mjomba amepekua stoo akakuta picha tisa za Tingatinga. Mbili anasema ni za Edward Tingatinga mwenyewe, aliyeuanzisha mtindo huo, tuzitaje kwenye kijitabu halafu tuziuze. Tuanzie wapi?"

Mbukwenyi, dada. Umeuliza swali moja ila ndani yake mna matatu. La mwaka ndilo jepesi, la mama ndilo lenye kazi, na la mjomba ndilo linaloweza kuwapeleka pabaya. Nitakwenda kwa mpangilio huo huo.

Kuhusu mwaka, mimi nisingekimbilia kusema kaka kakosea au mama kasahau. Leseni ya 1983 inathibitisha kwamba mwaka huo baba yenu alikwenda kukata leseni. Haisemi ni lini aliuza kinyago cha kwanza. Na 1983 si mwaka wa kawaida. Kuanzia mwishoni mwa Machi, Waziri Mkuu Sokoine aliendesha ile kampeni dhidi ya wahujumu uchumi, maduka yakapekuliwa, watu wakatupa bidhaa usiku. Mwaka huo huo ikapitishwa sheria ya nguvu kazi, ambayo kwayo mtu wa mjini asiye na kazi inayotambulika aliweza kukamatwa na kurudishwa kijijini kulima. Sasa mfikirie mtu anayeuza vinyago barazani, hana mwajiri, hana kitambulisho cha kazi. Huyo alikuwa na sababu nzuri sana ya kutafuta karatasi yenye muhuri. Nimekutana na mafundi na wachuuzi wengi wa umri wa baba yenu ambao karatasi yao ya kwanza ni ya 1983 au 1984, na si kwa sababu walianza kazi mwaka huo. Kwa hiyo kaka anaweza kuwa anakumbuka baraza, mama anakumbuka duka. Muulize kaka aliona nini 1979: mlango, au mkeka? Muulize pia kama ni kabla au baada ya wanajeshi kurudi kutoka Uganda. Wazee wetu hawakumbuki tarakimu, wanakumbuka matukio: njaa ya 1974, kuhamia vijijini, CCM kuzaliwa Februari 1977, vita, wahujumu, ruksa ya Mzee Mwinyi. Ukiwauliza kwa matukio, tarakimu zitakuja zenyewe.

Karatasi nazo zina umri wake hata kama hazina tarehe. Kichwa cha barua chenye namba ya simu ya mezani inayoanzia 061 ni cha kabla msimbo wa Dodoma haujageuka kuwa 026 mwishoni mwa miaka ya tisini. Risiti yenye TIN ni ya baada ya Mamlaka ya Mapato kuanza kazi Julai 1996. Zile risiti za mashine, zinazofutika wino ukiziacha juani, ni za kuanzia 2010. Kama jina la biashara liliwahi kuandikishwa, kumbukumbu za usajili ziko BRELA, wakala wa usajili wa biashara, na zile za kabla ya BRELA kuanzishwa 1999 zilirithiwa kutoka kwa Msajili wa zamani, kwa hiyo inafaa kuulizia hata za nyuma. Angalia pia nyuma ya picha za familia. Mtu akipigwa picha mbele ya duka, nyuma yake kuna ukuta, bango la soda, gari la aina fulani, na wakati mwingine jengo ambalo leo halipo.

Tukija kwa mama. Unasema si msemaji, nami naamini. Lakini umeeleza kwenye swali lako, kama kwa bahati, kwamba mama ndiye "aliyeliendesha miaka mingi". Historia nyingi za maduka ya sanaa ya familia huandikwa hivi: baba mwenye maono, watoto waliopokea kijiti, na mama anatajwa kwenye ukurasa wa shukrani. Halafu ukifungua madaftari, mwandiko wote ni wa mama.

Hata huyo Edward Saidi Tingatinga ambaye mjomba anamtafuta stoo, habari yake ni ya namna hiyo. Alizaliwa 1932 upande wa Tunduru, akaenda Dar es Salaam kutafuta maisha, akaanza kuchora 1968 kwa rangi za baiskeli kwenye vipande vya hadibodi. Wakati yeye anachora na kufundisha nduguze, mkewe Agatha ndiye aliyekuwa akikaa na picha nje ya Morogoro Stores kule Oysterbay akiwauzia Wazungu. Bei aliijua yeye, wateja aliwajua yeye, na picha gani zinatoka haraka aliona yeye. Ulimwengu mzima unalijua jina la mume. La Agatha utalikuta kwa wachache waliojali kuuliza.

Basi usimkalishe mama na kumwambia "tusimulie jinsi duka lilivyoanza". Mtu asiye msemaji akiulizwa hivyo atajibu "baba yenu alianza, nami nikasaidia", na hapo mazungumzo yamekwisha. Mpelekee kitu mkononi. Mpe kigoda kimoja cha stoo umwulize nani alikileta, alikuja na basi au treni, alilipwa palepale au alirudi. Kesho mpelekee kitu kingine. Dakika ishirini zinatosha, simu ikirekodi pembeni kwa idhini yake. Mimi nimewahi kukaa siku tatu na mama mmoja wa Manyoni aliyekuwa akinijibu kwa "ndiyo" na "hapana" tu, mpaka mjukuu alipoingia na kibuyu cha kale kilichotobolewa akiuliza kama anaweza kukitupa. Tuliondoka pale saa mbili usiku.

Na mwombe kaunta buku. Ndani ya maboksi ya sabuni naamini zimo, na kama hazimo, zimo chini ya kitanda. Hizo ndizo historia ya duka lenu. Nasema hivyo nikiwa na mfano wa mbali kidogo, ila unafaa. Paris kulikuwa na familia ya Durand-Ruel. Wazazi walikuwa na duka la karatasi na vifaa vya uchoraji, na wachoraji wasio na fedha walilipa kwa picha. Ndivyo duka la karatasi lilivyogeuka kuwa la picha. Mtoto wao Paul alilichukua 1865, vita ya 1870 ikamkimbizia London, huko akakutana na wachoraji Monet na Pissarro waliokuwa wakimbizi kama yeye, akaanza kuwanunua wakati watu wakiwacheka. Akafungua hadi New York, na wanawe wakaendeleza. Maduka yenyewe yalishafungwa zamani. Kilichobaki hai ni madaftari: picha imeingia lini, kutoka kwa nani, kwa bei gani, imetoka kwenda wapi. Mpaka leo mtafiti akitaka kujua picha fulani ya Monet ilipita mikono ya nani, huyageukia hayo.

Kaunta buku ya mama itakuwa na safu chache tu, pengine tatu: jina, kitu, fedha. Ila utakuta alama. Tiki, duara, "bado", "kachukua 200", "mali kauli". Hilo neno la mwisho ndilo ulitafute kuliko yote, kwa sababu ndilo lililoendesha maduka haya. Dodoma ya miaka ya themanini hakukuwa na mwenye duka la vinyago mwenye mtaji wa kununua mzigo wote. Mchongaji alishuka na gunia, akaacha vinyago kumi kwa mali kauli, akarudi baada ya mwezi kuchukua chake, na duka likabaki na cha juu. Ukiyafuatilia majina kwenye safu ya kwanza, mwaka hadi mwaka, utapata jambo ambalo hakuna mtu wa familia anayeweza kukusimulia: nani walililisha duka. Utaona mtu anatokea kila baada ya wiki sita kwa miaka minane halafu anakatika ghafla. Muulize mama kwa nini. Hapo ndipo penye sura nzima ya kijitabu.

Yahesabu na mauzo kwa miezi. Hili ni la Dodoma peke yake, na ukilikosa umeandika historia ya duka lolote la popote. Serikali ilitangaza kuhamishia makao makuu hapa 1973, Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu ikaundwa mwaka huo, lakini mji ulikaa miaka mingi ukisubiri wageni wanaokuja na kuondoka. Wanunuzi wa sanaa walikuwa wamisionari, wataalamu wa kigeni wa mipango miji, wajumbe wa mikutano ya chama, na kuanzia 1996 Bunge lilipohamia, wabunge na wageni wao. Nadhani utaona tangu hapo msimu wa bajeti, ambao kwanza ulianza Juni na kuanzia 2013 ukawa Aprili hadi Juni, kurasa zinajaa, kisha Bunge likiahirishwa duka linalala. Baada ya serikali kuanza kuhamia kweli 2016, mlima huo wa miezi mitatu huenda umesawazika, kwa kuwa sasa watu wapo mwaka mzima. Huenda pia ukakuta mauzo yameshuka, kwani mhamiaji mwenye kujenga Iyumbu ananunua saruji kwanza. Hapo sibashiri, madaftari yaseme.

Kitu kingine ambacho kijitabu kisikisahau ni vya hapa hapa. Maduka yetu yalipenda kujisifia vinyago vya Kimakonde, na kweli viliuza, ingawa mpingo uliokaushwa kwa haraka kule pwani ukifika kwenye ukame huu wa kwetu hupasuka ukiwa rafuni. Mama atakuwa anakumbuka waliorudisha vilivyopasuka. Lakini pembeni yake kulikuwa na vigoda vya Kigogo, vibuyu vilivyochorwa, shanga, zeze, ilimba (ile ala ya vijiti vya chuma inayopigwa kwa vidole gumba). Waliovileta waliandikwa "mzee wa Mvumi" au "mama vibuyu", bila jina. Na hawa walikuwa wasanii sawasawa na yule aliyesaini kwa rangi. Hukwe Zawose, aliyetoka vijiji vya hapa Ugogoni akaipigia ilimba dunia nzima hadi alipofariki 2003, hakuwa wa kwanza wala wa mwisho kuitengeneza. Kama mama anaweza kurudisha majina hata matano ya watu hao, kijitabu kimeshalipa gharama ya kuchapa. Tahadhari moja tu: vitu vya kale kweli, hasa vilivyotengenezwa kabla ya 1863, viko chini ya Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964, na kuvisafirisha nje bila kibali ni kosa. Vitu vya mila vilivyotumika majumbani navyo sheria hiyo inavigusa, tofauti na vile vilivyochongwa kwa ajili ya kuuzwa. Kwa hiyo mkikuta stoo kitu ambacho hakikutengenezwa kwa soko, kabla ya kukipiga picha ya tangazo, waulizeni watu wa mambo ya kale. Walio Kolo kule Kondoa, kwenye michoro ya miambani iliyoingizwa Urithi wa Dunia 2006, wamezoea maswali ya namna hiyo.

Haya, mjomba.

Edward alichora kuanzia 1968 hadi 1972, alipouawa Dar es Salaam kwa risasi ya polisi waliodhani wanamfukuza mhalifu. Ni kama miaka minne. Picha zake hazikuwa nyingi, na nyingi ziliondoka nchini mikononi mwa wageni. Duka lenu, hata kwa hesabu ya kaka, lilianza miaka saba baada ya kifo chake. Ili picha ya Edward ifike stoo yenu, lazima kuna mtu aliyekuwa nayo kwa miaka hiyo kisha akaileta Dodoma. Mtu huyo anapaswa kuonekana mahali fulani: kwenye daftari, kwenye kumbukumbu ya mama, au nyuma ya picha. Asipoonekana, saini peke yake haina uzito. Jina "Tingatinga" ni la mtu, lakini pia limekuwa jina la mtindo mzima. Nduguze na wanafunzi wake walioendelea baada yake waliuendeleza kwa pamoja, hadi wakawa na chama cha ushirika kilichoandikishwa 1990, na kuandika jina hilo pembeni ya picha ni rahisi kuliko kuchora twiga.

Tazameni nyuma kabla ya mbele. Kazi za mwanzo zilikuwa kwenye hadibodi, mara nyingi mraba wa kama sentimita 60, mnyama mmoja au wawili, nyuma rangi moja tu imetandazwa. Kitambaa kilichowambwa, makundi ya wanyama yaliyojaa hadi kona, na nukta nukta za mapambo kila mahali ni mambo ya baadaye. Kama hizo mbili ziko kwenye kitambaa, mwambieni mjomba kwa upole. Kama ziko kwenye hadibodi, bado si ushahidi, maana wanafunzi wake nao walitumia hadibodi, ila hapo inafaa kumwonyesha mtaalamu zikiwa hazijafutwa vumbi wala kupigwa vanishi.

Nakusihi msiziandike kwenye kijitabu kuwa za Edward kwa matumaini. Kitabu cha familia ndicho njia nyepesi ya kuitengenezea picha ukoo isiokuwa nao. New York kulikuwa na nyumba ya sanaa ya Knoedler, iliyoanza 1846. Ilifungwa 2011, na yaliyofuata yalionyesha kwamba kwa miaka kadhaa iliuza karibu picha 40 za bandia zilizodaiwa kuwa za wachoraji wakubwa wa Marekani, kwa takriban dola milioni 80. Zilikuja na hadithi moja, ya mwenye mali asiyetaka kutajwa. Wanunuzi walioipenda ile hadithi hawakuuliza daftari. Jina lililojengwa kwa zaidi ya miaka 160 likaishia mahakamani. Wakati huo haikuwa tena mikononi mwa familia ya Knoedler, kwa hiyo sisemi familia ndiyo iliyoharibu. Nasema hadithi nzuri isiyo na karatasi ni mtego, mjini New York na hapa Majengo vilevile.

Kuna la zaidi, na hili sidhani mjomba amelifikiria. Picha iliyoachwa dukani kwa mali kauli na haijauzwa si mali ya duka. Ni ya aliyeileta, au ya warithi wake. Kwa hiyo kabla ya kujadili nani alizichora hizo tisa, someni kaunta buku mjue zilinunuliwa au ziliachwa. Mkikuta "mali kauli" bila tiki, mna kazi ya kutafuta ukoo wa mtu. Najua itauma. Lakini fikiria kijitabu kinatoka, kina picha hizo kurasa nzima, mtoto wa mchoraji anakiona. Na kuzichapa kwenyewe kuna hesabu yake: kwa Sheria ya Hakimiliki ya 1999, haki ya mchoraji inakwenda maisha yake na miaka 50 baada ya kifo. Kumiliki kitambaa hakukupi haki ya kukichapa. Kwa Edward hesabu hiyo iliisha 2022, kwa waliomfuata wengi bado. Barua ya kuomba idhini haigharimu kitu, na wengi hufurahi kuombwa. Ofisi ya hakimiliki itawaelekeza namna ya kuiandika.

Kabla hamjaanza lolote, pigeni picha kila ukurasa wa kila daftari, kila karatasi, mbele na nyuma ya kila mchoro, na nakala moja ikae kwa ndugu aliye mji mwingine. Elimo Njau, mtu wa Marangu, alianzisha na wenzake kituo cha sanaa cha Paa ya Paa kule Nairobi mwaka 1965, akaja kuiendesha na mkewe Phillda kwa miongo mingi. Moto wa 1997 ukachukua jengo, kazi za watu na maktaba. Wao walisimama tena. Vilivyoungua havikurudi. Ninyi mna maboksi mawili ya karatasi, na mchwa wa Dodoma hawahitaji hata kiberiti.

Bango lenu lingoje. Kwa ushahidi mlio nao leo, ninaloweza kulitetea ni "leseni ya kwanza 1983", na juu yake majina mawili, la baba na la mama. Kaka akileta kitu cha 1979, hata risiti ya treni yenye mzigo wa vinyago, tutalibadili. Na stoo ifungwe kwanza, ufunguo ubaki kwa mama.